Tiba ya Kunasa Metali Mwilini: Inapookoa na Inapoua

Mapema mwaka 2010 watoto wadogo wa vijiji vya jimbo la Zamfara, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, walianza kufa mfululizo. Walishikwa na degedege, wakapoteza fahamu, na dawa za malaria hazikuwafaa kitu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilipopeleka damu yao maabara, jibu lilikuwa moja: risasi. Watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani, na mawe yale yalibeba risasi nyingi. Vumbi lilitua kwenye mikeka, kwenye vyombo na kwenye mikono ya watoto wanaotambaa. Inakadiriwa kuwa watoto zaidi ya 400 walifariki.

Waliowahiwa walipewa DMSA, dawa ya kumeza ambayo huinasa risasi iliyo kwenye damu na kuitoa kwa njia ya mkojo. Kati ya Juni 2010 na Juni 2011, watoto 1,156 wasiozidi umri wa miaka 5 walipitia kozi 3,180 za dawa hiyo.

Tiba ya namna hii wataalamu huiita kilesheni. Ni tiba halali, na imetumika hospitalini kwa zaidi ya miaka 70. Lakini jina hilohilo hutumika pia kuuzia dripu, vidonge na matone yanayodaiwa kuzibua mishipa ya moyo, kuponya usonji, kurudisha ujana na “kusafisha damu”. Anayetajiwa tiba hii, awe kwenye kitanda cha hospitali au mbele ya tangazo la simu, anapaswa kujua mambo matatu: dawa inafanya nini mwilini, inamfaa nani, na aulize nini kabla ya kunyoosha mkono achomwe sindano.

Dawa inavyofanya kazi

Metali kama risasi, zebaki na aseniki zikishaingia mwilini hushikamana na protini na kuziharibia kazi. Mwili hauna njia ya haraka ya kuziondoa. Dawa za kilesheni zina molekuli zenye mikono kadhaa ambayo huibana chembe ya metali kama gando la kaa linavyobana samaki. Metali ikishabanwa, kinachopatikana ni kitu kinachoyeyuka kwenye maji. Figo hukichuja na kukitoa kwenye mkojo, na baadhi ya dawa hukipitisha pia kwenye nyongo hadi choo kikubwa.

Maelezo hayo ni ya kweli, na ndiyo maana matangazo huyapenda. Yanachoacha kusema ni mambo mawili.

La kwanza, dawa hizi hazijui kutenganisha vizuri adui na rafiki. Mwili unahitaji zinki, shaba, chuma na kalsiamu ili uishi, na dawa inayonasa risasi inaweza kuondoka na hizo pia. Mtu ambaye hana sumu ya kunaswa atapoteza madini anayoyahitaji.

La pili, dawa hufikia zaidi metali iliyo kwenye damu na kwenye nyama laini. Risasi nyingi ya mtu aliyeathirika kwa muda mrefu imejificha kwenye mifupa, na huko hukaa kwa miongo. Baada ya kozi moja, kipimo cha damu hushuka vizuri. Wiki chache baadaye hupanda tena, kwa sababu mifupa inaachia risasi yake taratibu. Kwa hiyo mgonjwa wa kweli hupimwa tena na tena, na huenda akahitaji kozi kadhaa.

Dawa ya kwanza maarufu ya kundi hili ilizaliwa vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Oxford wakiongozwa na Rudolph Peters walitafuta kinga dhidi ya lewisaiti, silaha ya kemikali yenye aseniki. Walichokipata kiliitwa BAL, na bado kimo kwenye maboksi ya dawa za hospitali. Dawa nyingine ya kundi hili, EDTA, ilitengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya viwanda. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani wakaanza kuitumia kwa watu waliopata sumu ya risasi kazini, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya betri.

Inapofaa bila ubishi

Sumu ya risasi ndiyo sababu inayojulikana zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2021 unataka mtoto wa miaka 10 au chini ya hapo apewe dawa ya kilesheni akiwa na risasi ya mikrogramu 45 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Kuanzia mikrogramu 5, kazi ya kwanza ni kutafuta sumu inatoka wapi na kuikata.

Je, aliye katikati ya viwango hivyo asipewe dawa ili kumwahi? Swali hilo lilijibiwa Marekani kwa watoto 780 waliokuwa na risasi ya mikrogramu 20 hadi 44. Nusu walipewa DMSA, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: dawa ilishusha kiwango cha risasi kwenye damu, lakini haikuinua akili wala kuboresha tabia za watoto. Kipimo kilipendeza, mtoto hakunufaika. Tofauti hiyo ya kipimo na mgonjwa ikumbukwe, kwa sababu itarudi kwenye habari za moyo.

Chuma kilichozidi ni sababu ya pili, na hii inazigusa nyumba nyingi za Afrika Mashariki kupitia ugonjwa wa selimundu. Chupa moja ya damu anayoongezewa mgonjwa huingiza chuma cha miligramu 200 hadi 250, ilhali mwili hupoteza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Mtoto anayeongezewa damu mara kwa mara hulimbikiza chuma kwenye ini, moyo na tezi. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa deferoksamini, dawa inayopitishwa polepole chini ya ngozi kwa pampu ndogo saa 8 hadi 12, siku 5 hadi 7 kwa wiki. Mkojo wa anayeitumia huwa mwekundu wa kutu. Mzazi asishtuke, ni chuma kinachotoka. Siku hizi zipo pia dawa za kumeza, kama deferasiroksi. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu atunze hesabu ya chupa za damu alizoongezewa mwanawe, na amuulize daktari kuhusu kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini.

Sababu ya tatu ni ugonjwa wa Wilson, unaorithiwa, ambao huufanya mwili ushindwe kutoa shaba. Ini huharibika, mikono hutetemeka, na pete ya rangi ya hudhurungi inaweza kuonekana kwenye ukingo wa kioo cha jicho. Zamani ugonjwa huu uliua. Mwaka 1956 daktari Mwingereza John Walshe alionyesha kwamba penisilamini huweza kuiondoa shaba hiyo, na wagonjwa wakaanza kuishi.

Aseniki na zebaki nazo zina dawa zake, lakini kwa tahadhari. Zebaki ikishaujeruhi ubongo, kuitoa kwenye damu hakurudishi kilichoharibika. BAL, kwa mfano, haipewi mtu mwenye sumu ya zebaki ya aina inayopatikana kwenye samaki, maana inaweza kuisukuma zaidi kwenye ubongo. Kuchagua dawa ni kazi ya mtaalamu, na dawa sahihi kwa metali moja inaweza kuwa hatari kwa nyingine.

Madai ya moyo

Mwaka 1956 Norman Clarke, daktari wa Detroit, aliandika kwamba wagonjwa wake wa kifua cha moyo walipata nafuu baada ya dripu za EDTA. Wazo lilivutia: mafuta yaliyoziba mishipa ya moyo yana kalsiamu ndani yake, na EDTA hunasa kalsiamu, basi si itazibua mishipa? Kuanzia hapo kliniki zikaota, na watu wakalipia dripu kwa makumi.

Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliamua kupima dai hilo kwa gharama kubwa. Utafiti ulioitwa TACT uliwafuatilia watu 1,708 wa miaka 50 na kuendelea waliowahi kupata shambulio la moyo. Kila mmoja alipangiwa dripu 40. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yaliwashangaza hata waliopinga: kati ya waliopewa EDTA, asilimia 26 walifariki au walipata tatizo kubwa la moyo au kiharusi, dhidi ya asilimia 30 ya waliopewa dripu isiyo na dawa. Tofauti ilikuwa ndogo, na ilionekana zaidi kwa wenye kisukari.

Wauzaji wa dripu walisimulia sehemu hiyo na kuishia hapo. Watafiti wakafanya kilichopaswa kufanywa: walirudia jaribio, safari hii kwa wagonjwa wa kisukari peke yao, wale ambao ilionekana wangenufaika zaidi. TACT2 ilichapishwa mwaka 2024. Risasi kwenye damu ya waliopewa dawa ilishuka kwa asilimia 61. Waliofariki au kupata tatizo la moyo walikuwa asilimia 35.6 kwa upande wa dawa na asilimia 35.7 kwa upande wa dripu tupu. Yaani hakuna faida.

Kwa hiyo anayekuonyesha matokeo ya 2013 bila ya 2024 anakuonyesha nusu ya ukurasa. Mgonjwa wa moyo aliyeandikiwa dawa za presha, za lehemu na za kuzuia damu kuganda asiziache kwa ajili ya dripu hii.

Madai ya usonji na ya “kutoa sumu”

Dai la usonji lilijengwa juu ya imani kwamba zebaki kwenye chanjo ndiyo chanzo cha hali hiyo. Tafiti kubwa za nchi mbalimbali hazikukuta uhusiano huo, na hakuna ushahidi kwamba kilesheni humsaidia mtoto mwenye usonji. Ushahidi uliopo ni wa madhara.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio la panya. Panya waliokuwa na risasi mwilini walinufaika na DMSA katika kujifunza. Panya wasio na risasi, waliopewa dawa ileile, walibaki na udhaifu wa akili wa kudumu. Panya si binadamu, lakini mzazi anayeshawishiwa kumpa mtoto dawa bila kipimo cha sumu anapaswa kuisikia habari hiyo kwanza.

Kuhusu vidonge, matone na dawa za kupulizia zinazouzwa bila cheti cha daktari, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilizionya kampuni 8 mwezi Oktoba 2010 ziache kuziuza kwa madai ya tiba. Mtu mzima asiye na sumu ya metali, mwenye ini na figo zinazofanya kazi, hana uchafu ambao kilesheni itamtolea.

Namna inavyoweza kuua

EDTA ina sura mbili zenye majina yanayokaribiana mno. Moja imeshashikilia kalsiamu. Ikikutana na risasi hubadilishana, inaacha kalsiamu na kubeba risasi. Hiyo ndiyo ya kutibu sumu ya risasi. Nyingine ina sodiamu tu, na ikiingia kwenye damu hunyakua kalsiamu ya mwili wenyewe. Moyo haupigi bila kalsiamu.

Kati ya 2003 na 2005 watu watatu walifariki Marekani kwa njia hiyo, na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha nchi hiyo kikatoa taarifa yao mwaka 2006. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 5 mwenye usonji, wa Pennsylvania. Mwingine alikuwa mwanamke mtu mzima wa Oregon. Wa tatu ndiye anayeumiza zaidi: mtoto wa kike wa miaka 2, wa Texas, aliyekuwa kweli na risasi nyingi na aliyekuwa kweli hospitalini, lakini alipewa EDTA isiyo sahihi. Kalsiamu yake ilishuka, moyo ukasimama.

Madhara mengine hutegemea dawa. EDTA inaweza kuumiza figo. Penisilamini inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na kuharibu figo. Deferoksamini ikizidi hudhuru masikio na macho. BAL hutengenezwa ndani ya mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga hapaswi kuchomwa kabla ya kusema. Kila mgonjwa anayetibiwa kihalali hupimwa figo, ini, wingi wa damu na madini kabla ya dozi na katikati yake. Mahali pasipo na vipimo hivyo si mahali pa kupewa tiba hii.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

1. Ni metali gani hasa? “Sumu” na “metali nzito” si majibu. Risasi, chuma, shaba, aseniki na zebaki kila moja ina dawa na hatari zake.

2. Imepimwaje? Kipimo cha kuaminika cha risasi ni cha damu iliyotolewa mshipani. Tone la kidoleni linaweza kuchafuliwa na vumbi lililo kwenye ngozi. Uwe mwangalifu sana na kipimo cha mkojo unaotolewa baada ya kumezeshwa dawa ya kunasa metali. Kila binadamu hutoa metali zaidi baada ya dawa hiyo, kwa hiyo karibu kila mtu ataonekana amelishwa sumu. Vipimo vya nywele navyo havitoshi kuanzishia matibabu.

3. Kiwango ni kipi, na mwongozo upi unataka kitibiwe kwa dawa? Omba namba iandikwe kwenye karatasi, pamoja na kizio chake.

4. Dawa inaitwaje kwa jina kamili? Kama ni EDTA, uliza waziwazi: ni ile ya kalsiamu? Soma chupa kabla dripu haijafunguliwa.

5. Nani ataangalia figo na kalsiamu, na kwa ratiba ipi? Kama hakuna daktari wala maabara, ondoka.

6. Sumu inatoka wapi, na nini kinafanyika kuizuia? Asiyeuliza swali hili hajakusudia kukutibu.

Kwa Tanzania, usajili wa dawa unaweza kuulizwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa Kenya, Bodi ya Famasi na Sumu. Kuuliza si kumvunjia daktari heshima.

Chanzo kwanza, dawa baadaye

Swali la sita ndilo zito kuliko yote. Huko Zamfara, MSF walishikilia kwamba mtoto asianzishiwe dawa wakati nyumba yake bado imejaa vumbi la risasi, maana angetoka hospitali na kuilamba upya. Watoto wa kijiji cha Bagega walilazimika kusubiri hadi 2013, udongo wa kijiji uliposafishwa, ndipo tiba ikawa na maana.

Mombasa nayo ina kisa chake. Kwenye mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi kwenye damu. Hakuishia kwenye matibabu. Aliongoza wakazi kudai kiwanda kifungwe, kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikafuata, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024.

Nyumbani, vyanzo vya kukagua vinajulikana. Betri mbovu zinazovunjwa uani ni hatari kuu, pamoja na nguo za kazi za fundi anayezivunja. Rangi za zamani zinazobanduka ukutani huokotwa na watoto na kuliwa. Sufuria za kienyeji zinazosubuliwa kutokana na vyuma chakavu zinaweza kutoa risasi kwenye chakula. Utafiti wa mwaka 2017 uliopima vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulikuta zaidi ya theluthi moja ni hatari kwa sababu hiyo. Baadhi ya wanja wa jadi ni risasi iliyosagwa, na haupaswi kupakwa mtoto mchanga. Udongo wanaokula wajawazito, pemba au odowa, unaweza kubeba metali zenye sumu, hasa ukichimbwa karibu na machimbo ya dhahabu. Na mchimbaji anayechoma dhahabu kwa zebaki jikoni anawavutisha wanawe moshi wake wote; kazi hiyo ifanyiwe mbali na makazi.

Chakula kina nafasi yake pia. Mtoto mwenye upungufu wa chuma au kalsiamu hufyonza risasi zaidi tumboni. Maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage na mboga za majani havitoi risasi iliyokwisha kuingia, lakini humpunguzia mtoto njaa ya madini inayoikaribisha.

Kama mtoto wako anaumwa tumbo mara kwa mara, amepauka, amezubaa, au ameshikwa na degedege isiyo na homa, na jirani kuna betri zinazovunjwa, karasha la mawe ya dhahabu au rangi inayobanduka, usitafute dripu ya kusafisha damu. Mpeleke hospitali ya rufaa leo, mtajie daktari chanzo unachokishuku kwa jina, na uombe apimwe risasi kwenye damu ya mshipani. Ikithibitika, dai mambo mawili kwa pamoja: dawa iliyo sahihi kwa mtoto, na sumu iondolewe nyumbani kabla hajarudi.